Barua kwa Bwana Mkwe

Ofisi ya baraza la mji ilimwandikia barua mtu asiyekuwepo, ikaigongomea kwenye kijiti pembeni mwa bonde, nayo barua ikafika kabisa ilikokusudiwa. Mambo ya mji ndivyo yalivyo. Ukiyacheka asubuhi, subiri mchana.

Aliyeiona kwanza alikuwa mfagiaji wa barabara, mama mtu mzima ambaye wenzake walimwita Polepole. Jina hilo hakupewa na mamaye. Alipewa na msimamizi mmoja aliyekuja zamani na haraka zake, akapita, akaondoka na haraka zake, jina akaliacha. Polepole hakuchukia. Alikuwa amefagia mtaa ule ule kwa miaka ishirini na miwili, na wenye haraka wote aliowaona, yeye ndiye aliyefagia vumbi lao.

Asubuhi hiyo alifika mwisho wa mtaa, pale barabara inapoanguka kuingia bondeni, toroli mbele, ufagio wa chelewa begani. Akaiona karatasi nyeupe imepigiliwa misumari miwili. Shule aliiacha darasa la tatu, lakini herufi hazikumwacha yeye. Alizisoma moja moja, kama mtu anayechagua mchele.

“Kwa… Bwa-na… M-kwe.”

Akasoma tena. Kisha akaegemea toroli na kucheka mpaka ufagio ukamwanguka.

“Redio!” aliita. “Redio, njoo uone! Mkwe kaandikiwa barua!”

Redio alikuwa mfagiaji mwenzake wa mtaa wa pili, na waliomwita hivyo hawakumsingizia. Alikuja mbio, koleo mkononi, maneno yakimtangulia.

“Barua ya nini? Ya posa?”

“Wamemwita Bwana.”

“Bwana nani?”

“Bwana Mkwe.”

Redio aliketi palepale juu ya majani, akajipiga mapaja. “Mama wee! Miaka yote hii tunaingia kwake nguo tumezipandisha magotini, kumbe ni mwanamume!”

Basi, ili mtu asicheke asichokijua, huyo Mkwe alikuwa bonde. Na si bonde kubwa. Mwenye pumzi angelizunguka kabla chai haijapoa. Ndani yake mlikuwa na matete na mafunjo, tope jeusi, vyura, na maji yasiyofika kiunoni. Mitaa mitatu iliteremkia humo. Zamani lilikuwa jalala, watu wakitupa magodoro, betri na mizoga. Kisha akatokea mfagiaji mmoja, marehemu sasa, mwanamke mkali, ndiye aliyemfundisha Polepole kazi. Aliwakusanya wanawake wa mitaa yote mitatu, wafagiaji, wauza mboga na wafua nguo, akawaambia neno moja tu: “Hapa, kuanzia leo, mkae kama mko kwa mkwe.”

Hakuhitaji kuongeza. Nani asiyejua mtu anavyokaa kwa mkwe? Hutemi mate. Hupigi kelele. Viatu unaviacha nje. Huendi mikono mitupu, na ukiondoka huachi uchafu nyuma yako, maana utasemwa mpaka kizazi cha nne. Wafua nguo wakawa wanamwaga maji ya sabuni mbali, kwenye migomba. Wauza mboga wakawa wanaleta majani yao yaliyooza, wanayafukia kwenye matuta ya kando, na baada ya majuma wanaondoka na mboga mbichi. Matete yalikatwa kwa zamu, upande huu mwaka huu, upande ule mwaka ujao. Pale maji yanapoingilia walifunga wigo wa fito zilizosukwa, na kila siku mfagiaji mmoja aliondoa mifuko na chupa zilizonasa. Hakuna aliyeagizwa na ofisi, na hakuna kilichoandikwa popote. Mtoto akirusha ganda humo aliambiwa tu, “We! Kwa mkwe huko!” naye akashuka kuliokota.

Sasa, miezi kadhaa kabla ya barua, alipita mpima wa baraza, mwanamume mpole mwenye miwani na fimbo ndefu yenye namba. Alimkuta Redio kwenye wigo anaondoa chupa.

“Dada, hapa ni pa nani?”

“Hapa kwa Mkwe.”

“Naweza kumwona?”

“Si huyu hapa.”

Mpima akageuka kushoto na kulia. “Anaishi hapahapa?”

“Hajawahi kulala kwingine.”

“Na nikitaka kuongea naye?”

“Vua viatu kwanza.”

Mpima alicheka, akadhani ni utani wa kina mama, na kwa kuwa jua lilikuwa kali akaandika. Kwenye fomu yake, mahali pa mwenye ardhi, neno Bwana lilikuwa limekwisha kupigwa chapa kiwandani. Hapakuwa na lingine la kuchagua. Mbele yake akaandika Mkwe. Chini akaongeza: Hakupatikana.

Ndivyo barua ilivyozaliwa.

Polepole alipomaliza kucheka aliendelea kusoma, na kila mstari ulimnyang’anya kicheko kidogo. Barua ilisema kwamba kwa sheria ndogo ya maji yaliyotuama, bonde lile litafukiwa kwa kifusi, na juu yake utapita mtaro wa zege ulionyooka kutoka barabara kuu hadi mtoni. Mwenye ardhi aje yeye mwenyewe kusikilizwa siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, na hati yake mkononi. Asipotokea itahesabiwa kwamba amekubali. Asiye mwenye ardhi hatasikilizwa.

“Alhamisi gani?” Redio aliuliza.

“Hii.”

“Yaani keshokutwa?”

Polepole alikuwa amegeuka anatazama chini ya bonde. Huko, matete yanapoishia, ilikuwepo nyumba ya bintiye, vyumba viwili na bati jekundu, ya kwanza kati ya nyumba kama arobaini zilizoshikana bega kwa bega mpaka mtoni. Binti aliijenga kwa miaka sita, tofali kwa tofali, na ndani yake alikuwa na mtoto wa miezi minne. Polepole hakusomea mitaro. Lakini maji aliyajua kama mke anavyomjua mume mlevi: njia zake, na mlango atakaougonga. Aliyajua kwa ufagio. Mvua ikikatika mchanga hubaki barabarani kwa mistari, na anayeufagia huona maji yalikimbilia wapi na yalitulia wapi. Miaka ishirini na miwili mistari ile ilikuwa ikimwambia jambo moja. Maji yote yanakwenda kwa Mkwe, na kwa Mkwe yanatulia. Mfukie Mkwe, uyape maji njia ya zege iliyonyooka, yatapiga hodi kwanza kwa binti yake. Na maji hayangojei karibu.

Mchana wafagiaji walikutana kwenye stoo ya vifaa, na Redio tayari alikuwa na dawa.

“Wanataka Bwana Mkwe? Tuwapelekee Bwana Mkwe! Shemeji yangu ana koti jeusi na tumbo. Akikaa kitini hata wewe utamwamkia. Atasema, ‘Mkwe ni mimi, ardhi yangu sitaki ifukiwe.’ Kesi imekwisha.”

“Na hati?” mmoja akauliza.

“Imeliwa na panya. Hati za wanaume wangapi zimeliwa na panya mji huu, na nyumba bado wanazo?”

Wote wakacheka. Polepole hakucheka, na tusimpake sifa asizokuwa nazo: aliupima ule uongo. Aliugeuza huku na huku kama mtu anavyogeuza chungu sokoni, akakigonga kidogo asikie kama kina ufa. Alimfikiria mjukuu wake amelala sakafuni. Mwisho akatikisa kichwa.

“Leo shemeji yako akiwa Mkwe, kesho atamwuza Mkwe. Tukimpa mtu jina, atakumbuka kwamba jina lina ardhi.”

Redio akafikiri. “Kweli. Namjua. Ataanza na matete.” Kisha akamkazia macho mwenzake. “Haya, wewe utasema nini? Hati huna. Ubwana huna. Barua imeshasema hutasikilizwa.”

“Sijui.”

“Hujui!”

“Nitakwenda tu. Kuna maneno huyapati mpaka umekalia kile kiti.”

“Na angani mawingu yanavimba. Mvua ikinyesha msimamizi atahesabu vichwa mitaroni.”

“Mtaro wangu nishikie wewe.”

Redio akashusha pumzi ndefu. “Nitazibua wangu na wako. Akiniuliza uko wapi, nitamwambia uko nyuma yangu, unakuja polepole. Atasadiki.”

Alhamisi ilipofika, Polepole alivaa gauni lake la kutokea, akafunga kitambaa kichwani, akaingia kwenye ofisi za baraza kwa mlango ambao alikuwa akiufagilia ngazi zake kila mwisho wa mwezi bila kuwahi kuupita. Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu yenye kioo juu, feni inayolialia, na ramani ya mji ukuta mzima. Wajumbe walikuwa wanaume wanane. Mwanamke alikuwa mmoja, karani, aliyeandika yote waliyoyasema na hakuulizwa lolote. Mbele alikaa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mwanamume mnene mwenye sauti nzito, aliyejulikana kwa kupenda mambo yaishe kabla ya chakula. Kando yake alikaa mpima na fimbo yake.

Polepole alimtafuta Mkwe kwenye ramani. Alikuwa kisanduku cheupe, kidogo kama ukucha.

“Kiwanja namba arobaini na moja,” mwenyekiti alisema. “Bwana Mkwe yupo?”

Feni ikalia.

“Bwana Mkwe! Mara ya pili.”

Polepole akainuka. “Mkwe yupo, mheshimiwa.”

“Basi aingie.”

“Haji.”

“Haji kwa nini, na ameandikiwa?”

“Mkwe haitwi, baba. Mkwe hufuatwa.”

Kalamu ya karani ilisimama. Mjumbe mmoja akakohoa, na kile kikohozi kilikuwa kicheko, kikamwambukiza wa pili. Mwenyekiti aliubana mdomo.

“Wewe ni nani, mama?”

“Mfagiaji wa mtaa wa bondeni.”

“Una hati?”

“Nina ufagio.”

“Nauliza, wewe ni mke wa Bwana Mkwe?”

“Mkwe si bwana, mheshimiwa.”

“Ni bibi?”

“Wala si bibi.”

“Sasa ni nini?”

“Ni bonde lenyewe.”

Akawaeleza, kwa mwendo wake ule ule wa kufagia, bila kuruka mahali: jalala, marehemu, lile neno moja, viatu, sabuni, wigo. Alipofika kwa Redio na chupa zake, mpima alivua miwani akafunika uso.

“Yule dada aliniambia nivue viatu,” alisema chini ya mikono yake.

“Ulivua?”

“Sikuvua.”

“Ndiyo maana hukumwona.”

Hapo chumba kizima kikaangua kicheko, na karani akacheka kuliko wote. Mwenyekiti aligonga meza, lakini kwa kiganja, si kwa ngumi.

“Tumecheka, vizuri. Sasa sheria. Asiye mwenye ardhi hasikilizwi. Na maji yaliyotuama, mama, ni mbu.”

“Mbu wako kwenye matairi ya gereji, mheshimiwa. Kwa Mkwe kuna vyura na visamaki. Mbu akitaga pale hazikwi na wajukuu.”

“Hata hivyo…”

“Na mimi sikuja kusikilizwa,” Polepole akasema, na maneno yakamjia moja baada ya jingine, kama alivyosema yatakuja. “Nimekuja kuwachukua. Mwenye ardhi mlimwandika ninyi, kwa mkono wenu na muhuri wenu. Mmemwita, naye hana miguu. Njooni mmwone. Mkishamwona, kama mtataka kumfukia, mfukieni huku mnamtazama.”

Mjumbe wa pembeni akainama kwa mwenyekiti. “Mzee, tuifute hii kimyakimya. Ikisikika kwamba baraza limeliandikia barua bonde…”

Mwenyekiti alikuwa akiitazama ile barua. Sahihi ya chini ilikuwa yake. Akasukuma kiti nyuma.

“Nimeoa miaka thelathini,” alisema, “na mama mkwe wangu sijawahi kumwita ofisini. Leteni gari.”

Matone ya kwanza yaliwapata wakipanda: mwenyekiti, mpima, karani, yule mjumbe wa pembeni, na Polepole. Mvua ile haikuja kwa manyunyu. Ilikuja kama mtu aliyevunja mlango. Kufika nusu ya njia, vifuta kioo vya gari vilikuwa vinapiga bure.

Na humo garini ndimo Polepole alimoingiwa na hofu ya kweli. Kuna jambo hakuwaambia, na wala hakuwahi kujiambia mwenyewe. Hakuwahi kumwona Mkwe mvua ikinyesha. Hata mara moja. Mvua ikianza, mfagiaji hupandishwa juu kwenye mitaro ya barabara kuu kuzibua, na akimaliza mvua imekwisha. Mkwe alimjua kwa asubuhi ya pili tu, kwa mchanga na kwa kimya. Sasa alikuwa anawapeleka wakubwa wa mji wakaone jambo ambalo macho yake hayajaliona. Na kama mistari ya mchanga ilimdanganya? Na kama alikuwa ameisoma vibaya, kama mtoto wa darasa la tatu?

Gari lilisimama ukingoni. Polepole akashuka, akavua viatu vyake vya kutokea, akavipanga juu ya jiwe. Mpima akavua vyake bila kuambiwa. Mwenyekiti alilitazama tope, akamtazama karani aliyekuwa tayari peku, mwavuli juu ya faili, akashika bega la mpima, akavua kimoja, akapumua, akavua cha pili.

Maji yalikuja kwanza kwa sauti. Kisha yakaonekana. Mtaa wa shule ulileta maji mekundu ya udongo. Mtaa wa gereji ulileta meusi yenye ngozi ya mafuta iliyometameta. Mtaa wa soko ulileta ya kijivu, yamebeba maganda, mifuko, na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Yote matatu yakafika pamoja, yakaupiga wigo wa fito, wigo ukanguruma. Taka zikarundikana juu yake kama watu mlangoni. Ukashika.

Kisha yakaingia kwenye matete. Na humo, mbele ya macho ya watu, maji yalisahau haraka yake.

Matete yaliinama yote kwa pamoja, kutoka ukingo huu mpaka ule, kama umati unaompisha mzee. Yakainuka. Yakainama tena. Nyekundu, nyeusi na kijivu vilizunguka katikati ya mashina, vikachanganyika, vikapungua. Bonde zima lilikuwa linapumua. Polepole aliweka mkono kifuani, akakuta naye anapumua nalo.

“Shubiri moja,” mpima alipaza sauti, fimbo yake imesimama majini. “Shubiri mbili!”

Maji yalipanda. Yalimeza matuta ya mboga. Yalimeza jiwe la kufulia. “Tatu!” mpima aliita, na sauti yake haikuwa ya furaha. Huko chini binti alitoka mlangoni, mtoto mgongoni, nyuma yake vyombo vimepandishwa juu ya meza.

“Mama!” alipiga kelele. “Mama, yanakuja?”

Maji yalikuwa yamefika kwenye mdomo wa ukingo, upande wa bati jekundu, yanatetemeka pale, yamevimba kama yanayochungulia.

Upande wa mawio ya jua kulikuwa na kipande chembamba, kirefu, cha majani makavu, ambacho mvua za kawaida hazikukifikia, na Polepole hakuwahi kukiona na tone la maji. Wanawake hawakukikata wala hawakukilima, ingawa udongo wake ulikuwa mzuri. Marehemu alikikataza, na alipoulizwa sababu alisema tu, “Kwa mkwe kuna chumba huingii.” Hawakuingia. Walidhani ni ukali wake.

Maji yalisita ukingoni. Kisha yakageuka. Hakuna aliyeyasukuma. Yaligeuka kama ng’ombe anayejua zizi lake, yakaelekea mawio, yakaingia kwenye kile chumba, na majani yale makavu yakaanza kuelea, marefu, maelfu, yakijinyoosha kwenye mkondo kama nywele zinazochanwa. Chumba kiliyapokea. Kikayapokea na kuyapokea. Ukingo wa upande wa binti ulibaki kidole kimoja juu ya maji. Kidole kimoja tu, na hapo yakakoma.

Mwenyekiti alikuwa amesahau mwavuli wake. Ulining’inia mkononi mwake ukikinga maji badala ya kuyazuia. Mjumbe yule wa pembeni alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Polepole alihisi machozi, na kwa mvua ile hayakuwa na haja ya kufichwa. Alikuwa amekitunza kitu hiki miaka ishirini na miwili, na ndiyo kwanza anakutana nacho.

Mpima alizunguka mpaka chini, maji yanapotokea. Hakukuwa na mafuriko huko. Kulikuwa na mkondo mmoja, unene wa paja la mtu, unatoka katikati ya mizizi ukiwa na rangi ya chai ya rangi. Akaukinga kwa kiganja, akapanda nao, akamwonyesha mwenyekiti. Kupitia maji yale mistari ya kiganja ilionekana.

“Mheshimiwa,” alisema, “mtaro niliuchora mimi. Kwa mtaro wangu, maji haya yote yangeshuka pale kwa robo saa.” Akaelekeza kidole kwenye mabati arobaini. “Huyu anayashika, atayatoa mpaka kesho jioni.” Kisha akamgeukia Polepole, na alimwuliza kama mwanafunzi. “Mama, nani alipanga hivi?”

“Mfagiaji mmoja. Hakuandika.”

“Lakini tuliwauliza watu wa mtaa,” mwenyekiti alisema. “Tulipita nyumba kwa nyumba.”

“Mliwauliza wenye hati, baba. Wenye hati mchana hawako huku. Huku mchana tuko sisi.”

Mwenyekiti alifuta uso. “Na sheria haina mahali pa kumweka kitu kama hiki. Si kiwanja, si mtaro, si bustani. Wala wewe haina pa kukuweka.”

“Sheria ilinyesha na mvua, au mliitunga?”

Mwenyekiti alimtazama yule mama aliyelowa, peku, mfupi kuliko mafunjo yaliyokuwa nyuma yake. Alicheka, lakini kicheko kidogo, cha mtu aliye mahali pa heshima.

“Karani, andika. Kifusi kisije. Kazi isimame. Kikao kijacho waje wanaolitunza bonde, wenye hati na wasio na hati, na wao ndio waanze kusema. Mpima aje na ramani nyingine.”

Karani aliandika, karatasi ikinywa maji. Kisha akauliza swali, na lilikuwa la kwanza siku hiyo. “Na kile kipengele cha ‘hatasikilizwa,’ mheshimiwa? Nikifute?”

“Kufuta kunataka kura.”

“Basi nikizungushie duara, kipigiwe kura.”

“Kizungushie.” Akafikiri. “Mara mbili.”

Akakizungushia mara tatu, mwenyekiti akaona. Alitia sahihi hapohapo juu ya mgongo wa mpima.

Walipoondoka mvua ilikuwa imelegea. Polepole alijua Redio yuko juu peke yake na mitaro miwili, na kwamba msimamizi hawezi kusadiki siku nzima. Alijua aende. Miguu ilikataa.

Binti alipanda kutoka chini, mtoto mgongoni, tope mpaka magotini. “Wamesemaje?”

“Hawamfukii. Si sasa. Tutaitwa tukaseme.”

Binti aliachia pumzi aliyoishika tangu juzi, akamshika mamaye mkono. “Umelowa chapachapa. Njoo uvae kitu kikavu.”

“Nakuja.”

“Unatazama nini, Mama? Si uko hapa kila siku ya Mungu?”

Polepole alifungua mdomo amwambie. Matete yalikuwa yanaanza kunyooka, moja moja, kila moja likidondosha maji yake. Chura mmoja aliita, kisha kumi, kisha haikuwezekana kuhesabu. Kule mawio chumba kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, kimetulia, na mbingu yote ya kijivu imo ndani yake. Alijiuliza yule mwanamke mkali alisimama wapi, kwenye mvua gani, peke yake, akayaona haya yote, hata akarudi kwa wenzake na neno moja tu. Sasa alielewa kwa nini lilikuwa moja. Yeye hata hilo moja hakulipata.

“Mgeuze mjukuu wangu aangalie huku,” alisema.

Binti alimfungua mtoto mgongoni, akampakata mbele. Wakasimama watatu ukingoni, na katika hao watatu, mtoto ndiye pekee aliyekuwa na la kusema.